Kuni Alizopasua Jumamosi

Mume wangu alipasua kuni Jumamosi, akafa Jumanne. Watu huniuliza nilianzaje mambo haya ya kupunguza moshi na kuokoa miti, na huo ndio mwanzo wenyewe, ingawa kwenye mikutano huwa siutaji.

Zilikuwa za mkaratusi, mti mmoja mzima, zimepangwa kando ya ukuta wa jikoni hadi usawa wa dirisha. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo ncha ya kila kipande ilikuwa na mshazari wa upande usio wa kawaida. Hata ungekichanganya na vya watu wengine, ningekitoa mara moja. Kuni za matanga zililetwa na majirani, kila mama na mzigo wake mgongoni, ndiyo maana zake zilibaki.

Sikulia. Jamaa zangu walisafiri kutoka upande wa ziwa wakiwa wamejiandaa kulia pamoja nami, wakanikuta nikichuja chai, wakaniangalia kama mtu aliyewakosesha kazi. Wenyeji wa huku, ambako niliolewa nikitoka kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, walisema nina moyo mgumu. Sikuwa na moyo mgumu. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: nauona upo, lakini hausikii kitu. Nilichuma majani chai, nilikama ng'ombe, nilimpeleka binti yangu shuleni, nikalala.

Kitu kimoja tu kilinitia hofu. Mafiga matatu hayana huruma na kuni, na kufikia wiki ya tatu rundo lilikuwa limeshuka chini ya dirisha. Mtu atasema ningeziacha pale nipikie nyingine. Lakini kuni zikiachwa nje huliwa na mchwa, na isitoshe, yeye alizipasua ili tupikie. Nilitaka kupikia zake. Nilitaka tu zisiishe.

Basi Jumapili moja baada ya ibada akasimamishwa mwanamke mmoja aliyetoka Bomet, mwalimu wa majiko. Alieleza habari za kaboni: kwamba moshi wa jikoni zetu na wa magari ya watu wa mbali unapanda kukaa mahali pamoja, na kwamba ile baridi iliyounguza majani chai yetu na ile mvua inayokuja siku isiyo yake vinatokana na huko. Alisema kijiji kimoja kikipika kwa kuni kidogo, miti ya kando ya mto itabaki imesimama. Nadhani alisema vizuri sana. Mimi nilisikia sentensi moja: jiko la udongo linakula nusu ya kuni. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza, na mimi si mtu wa kunyoosha mkono kanisani.

Tulilijenga kwa siku mbili, udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe, na bomba la kutolea moshi juu ya paa. Mafiga niliyabingirisha hadi kwenye zizi la ndama. Kikundi chetu cha akina mama kikaazima mizani ya kupimia majani chai, ile ya kuning'inia, na kila wiki tukawa tunapima kuni za kila nyumba. Wiki baada ya wiki, nyumba yangu ilikuwa ya chini kabisa.

Walitaka kujua siri. Niliwaonyesha: maharagwe yalale majini, sufuria isikae bila kifuniko, na githeri, yale mahindi na maharagwe, ikishachemka vizuri ihamishiwe kwenye kapu lililojazwa nguo kuukuu, ijiivishe yenyewe huku umeenda kuchuma. Zaidi ya yote, chai ikichemka tu, toa kuni motoni uifukie kwenye jivu izimike. Kipande kimoja nilikitumia siku mbili, mara nyingine tatu.

"Mama, kwani huko kwako mnakula kweli?" mwenyekiti wetu alinitania, na wote wakacheka. Lakini wakaiga. Wakaiga mpaka wale wa ng'ambo ya mto wakaja kuuliza, na mikaratusi iliyokuwa imeshatiwa alama ya kukatwa ikaachwa. Kijiji kizima kilikuwa kinafuata ubahili wa mjane, na hakuna aliyejua nilikuwa nabania nini. Sikumwambia mtu. Ningesemaje?

Mwalimu akaniita mfano mwema. Wageni wangekuja kuona tunavyookoa kuni, na wangefikia kwangu.

Siku ya wageni niliamka mapema nikachuma, kwa sababu majani hayajui wageni. Kwenye kituo cha kupimia majani, gari la kiwanda likachelewa. Niliporudi, jua limeshapanda, niliona moshi nyuma ya jikoni yangu, moshi mwingi ambao kijiji kilikuwa kimeusahau. Mafiga yangu yalikuwa yametolewa zizini. Juu yake sufuria kubwa ya kanisa ilikuwa inatokota wali, na kwenye mawe mengine pembeni, sufuria ya chai. Nikatazama ukutani. Paliachwa magome na buibui.

Mwenyekiti alikuwa amekunja mikono ya sweta, uso umeng'aa kwa jasho na furaha. Huyu ndiye aliyeosha vyombo vya matanga yangu siku tatu bila kuitwa.

"Umefika! Kaa kwanza, mama, umechoka. Kwetu kuni zote zimenyeshewa. Zako zilikuwa zimekauka vizuri, hata hazikutusumbua."

"Zote?" nikauliza.

"Sasa wageni watoke hapa bila kukula? Hiyo jiko yako ni ndogo, haiwezi hii sufuria. Usijali, kesho kila mtu ataleta mzigo. Tutakujazia mpaka juu."

Nilitaka kumpiga kofi. Nilisema, "Asanteni kwa kunisaidia."

Nikasogea karibu na moto. Ncha zilikuwa bado zimejitokeza nje ya mafiga, zenye ule mshazari wake. Upepo ukageuka, moshi ukanijia usoni, na macho yakaanza kutoka maji. Yakatoka, yakatoka. Kifua kikaanza kutikisika nami nikashindwa kukituliza.

"Sogea huku, mama, moshi unakuumiza," mmoja akasema, akinishika kiwiko.

Sikusogea. Nililia mbele ya watu wote, na wote wakalaumu moshi.

Wageni walifika, wakala wali, wakapiga picha jiko la udongo likiwa safi na la baridi. Mmoja akaniuliza ni nini kilichonisukuma. Nilimjibu kwamba ni mazingira. Akaandika.

Kesho yake asubuhi, kabla akina mama hawajaleta mizigo yao, niliingia jikoni kupika chai ya binti yangu. Nikapekua jivu. Kulikuwa na kipande kimoja, kile nilichokuwa nimekizima jana alfajiri, kirefu kama mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Nikakiwasha. Maji yakachemka, maziwa yakapanda, nikaepua. Mkono wangu ukaenda wenyewe kushika ile ncha.

Nikaurudisha.

Binti yangu, ambaye amelelewa na mizani, akanitazama. "Mum, imechemka. Si utoe kuni?"

"Wacha," nikamwambia. "Wacha iishe."

Akaleta kigoda chake karibu na changu. Tukanywa chai tukiitazama ile kuni.