Kingori Alipojikata Paja

Kwa miaka ishirini na miwili Kingori alichinja ng'ombe katika kichinjio cha Mukurweini. Uvimbe ulipomtokea upande wa ndani wa paja, ukakua hadi ukafika kama yai la bata, aliuficha kwenye suruali miaka mitatu bila kumwambia mtu.

Kisha siku moja ng'ombe dume alijinasua kambani akampiga teke penye uvimbe. Kingori alianguka akilia kama mtoto. Mguu ulifura, ukawa wa zambarau. Wiki ilipoisha aliketi nyuma ya kichinjio, akanoa kisu.

"Ni jipu tu," alisema. "Leo litatoka."

Akachoma. Usaha haukutoka. Ilitoka damu nyeusi, ikarukia ukuta, ikajaza kiatu. Murugi, mama anayeosha matumbo hapo, alitupa ndoo akamkandamiza paja kwa magoti yote mawili.

"Kwani wewe ni ng'ombe?" alimfokea. Kingori alipojaribu kuinuka, Murugi alimzaba kofi. Hakumwachilia hata ndani ya pikapu, njia yote hadi hospitali ya Nyeri.

Damu ilipozuiwa, Daktari Sumeya, mpasuaji, aliuliza, "Nani alikukata?"

"Ni mimi, daktari."

"Ungekufa."

Picha ya skani ilionyesha jambo ambalo Sumeya alikuwa amelisoma vitabuni tu: nyama ilikuwa imeota kwenye ukuta wa mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, karibu kuuziba. Kipande kidogo kilipelekwa maabara. Siku tisa Kingori hakulala vizuri. Jibu likaja: si kansa.

"Lakini tukiiacha, damu itaganda iende kwa mapafu," Sumeya alimwambia. "Lazima tuikate."

Walimpasua paja, wakaubana mshipa juu na chini, wakautoa uvimbe pamoja na ukuta ulioushika. Kibanio kimoja kiliteleza. Damu ikafurika, ikamrukia Sumeya kifuani. Akatumbukiza vidole, akauminya mshipa hadi kibanio kingine kikapatikana. Pengo waliliziba kwa kipande cha mshipa wa mguu wa pili.

Miezi minne baadaye Kingori alirudi kazini, amevaa soksi ya kubana. Ng'ombe wa kwanza alipochinjwa, damu iliporuka, alitapika. Hakuchinja tena. Sasa anauza nyama buchani. Jioni mguu hufura kidogo. Huuinua juu ya kreti ya soda, na mkewe, Watiri, humletea chai.