Usukani Uliopimwa kwa Mikono Yangu

Nyumbani kwetu kila kitu kilipimwa kwangu kwanza. Mama alipoleta kitambaa cha sare, fundi cherehani alinisimamisha mimi, akanizungushia futi, kisha akawakadiria wadogo zangu kwa kuniangalia: huyu toa vidole vinne, yule toa shibiri. Kiatu cha mtumba nilikijaribu mimi. Uji ukiwa wa moto, ulimi wa kwanza kuungua ulikuwa wangu. Sikumbuki kuambiwa kwamba hiyo ndiyo kazi ya mkubwa. Niliikuta iko hivyo.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne, baba na mama walipanda boti kwenda soko la ng'ambo ya ziwa, na boti ikazama. Mama alipatikana siku ya pili. Baba hakupatikana. Wiki ileile niliacha shule, nikabaki na wadogo watatu, wa mwisho akiwa na miaka miwili. Nguo na viatu vyao nilinunua kwa kipimo cha mwili wangu, tena nikizidisha kidogo ili vidumu. "Atakua tu," nilikuwa nasema. Baadaye tulihamia Sweden, na huyo wa mwisho alianza shule huku akiwa na koti la baridi linalomfika kwenye vifundo vya miguu; walimu walilitazama lile koti, kisha wakanitazama mimi.

Sasa yeye ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, muuguzi wa kuwazungukia wazee majumbani. Jumapili moja ya Novemba alikuja kwangu, kitongoji cha Hallonbergen, akala sombe ya majani ya muhogo na samaki, akapangusa vidole, akaniambia amepata kazi kaskazini. Nyumba pia amepata, ya kupanga, lakini kutoka kazini iko ng'ambo ya ziwa.

"Barabara ipo?" nikamuuliza.

"Ipo, Yaya, ila inazunguka mbali sana. Wakati wa baridi watu wote wanakatiza juu ya barafu. Nahitaji skoter."

Yaya ndivyo kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa. Skoter ni pikipiki ya theluji: mbele ina skii mbili, nyuma ina mkanda mpana unaozunguka na kuisukuma. Nilikuwa nimeziona kwenye televisheni tu.

Niliinuka kupeleka sahani jikoni. Ninaishi katika mji uliojaa maji na nimejifunza njia zote za kuyakwepa. Sijawahi kupanda feri. Nikipita darajani natazama viatu vyangu. Na sasa huyu, niliyembeba mgongoni, alikuwa ananiambia kwamba kila asubuhi ataendesha chuma kizito juu ya ziwa.

"Barafu ikipasuka?"

"Lugn, Yaya," akasema kwa Kiswidi. Tulia. Tangu utotoni ananijibu kwa Kiswidi akitaka mazungumzo yaishe. "Wanapima unene wake. Njia ina alama. Nimesoma kozi, nimepata cheti."

Kozi yenyewe hakuwa ameniambia. Nilifungua bomba la maji ili nipate kelele kidogo. Nilijua siwezi kumzuia. Nilichoweza ni kuchagua.

"Utaenda," nikamwambia nikiwa nimempa mgongo. "Lakini hiyo pikipiki tutaichagua pamoja."

Kanisani tunasali na Mkenya mmoja aliyekuja zamani kusomea uinjinia, akaoa huku, na sasa ana karakana yake ndogo Jordbro, kule kwenye maghala. Anatengeneza na kuuza pikipiki za theluji zilizotumika. Nikampigia simu, nikamwambia tunataka moja imara ya kukatiza ziwa. Nilisema "tunataka". Sikusema ni ya nani, naye hakuuliza.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi, yeye akiwa na mkoba wake wa kazi kwa ajili ya zamu ya jioni. Theluji ilikuwa imeanguka wiki nzima. Nyuma ya karakana kulikuwa na shamba la jirani yake aliyemruhusu kufanyia majaribio, na mwisho wa shamba kulikuwa na safu ya matete makavu.

"Kuna nini pale kwenye matete?" nikauliza hata kabla ya salamu.

"Karibuni, mama. Pale? Kidimbwi tu. Majaribio yetu hayafiki huko."

Nikakitazama. Kilikuwa kimefunikwa na theluji kama shamba lenyewe, na bila matete usingejua kama ni maji.

Alikuwa amepanga pikipiki sita. Mdogo wangu alikwenda moja kwa moja kwenye ndogo ya kijivu, akaipapasa kiti. Mimi nikaenda kwenye kubwa kuliko zote, nyeusi, yenye mkanda mrefu na pua kama ya lori. Nikaigonga kwa ngumi. Ikanijibu kwa sauti nzito, na moyo ukatulia kidogo.

"Hii," nikasema.

"Hiyo ni ya kuvutia magogo," fundi akasema. "Ikilala kwenye theluji laini utahitaji wanaume wanne kuiinua. Wakongo, mnapenda vitu vikubwa, kuanzia suruali mpaka spika za kanisani."

"Na nyinyi Wakenya mnapenda kuuza vidogo kwa bei ya vikubwa."

Akacheka. "Haya, basi panda tuone."

Nikamtazama mdogo wangu. Yeye naye akainua mabega. "Acha Yaya akae kwanza," akamwambia fundi, akaingia ndani kutafuta helmeti inayomtosha. Hata yeye hakuona ajabu. Kwetu ndivyo ilivyo.

Nikapanda. Fundi akaanza kazi, na kazi yake aliifanya vizuri. Kosa halikuwa lake. Akaniuliza kama magoti yanabanwa, akakirudisha kiti nyuma. Akaniambia nishike usukani nikiwa nimekaa, kisha nikiwa nimesimama, akaona ninainama, akauinua na kuusogeza. Akanifundisha kwamba mafuta yanaongezwa kwa kidole gumba cha kulia na breki ni wenzo wa mkono wa kushoto, akaugeuza wenzo huo mpaka vidole vyangu virefu vikaukamata bila kujinyoosha. Akakandamiza nyuma ya pikipiki, akatazama springi zilivyobonyea, akazikaza ziendane na uzito wangu. Mimi ni mtu mkubwa. Nimebeba magunia, nimebeba watoto, na sasa nabeba masufuria ya jiko la shule Spånga.

"Unajisikiaje?" akauliza.

"Kama niko kwenye kiti cha nyumbani," nikasema, na ilikuwa kweli. Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili nilivuta pumzi mpaka chini. Pikipiki iliyonikaa hivi, nikajiambia, haiwezi kumtupa.

Hapo gari liliingia uani na mteja akamwita. "Nakuja," fundi akasema, akaondoka. Mdogo wangu akatoka na helmeti kichwani. Nikashuka, nikampisha.

Sasa nikikumbuka naona nilivyopaswa kuona. Alilazimika kunyanyua mguu juu sana ili kupanda. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtoto kwenye meza ya wakubwa, mikono imenyooka mbele yake, viwiko havikunji. Lakini miaka yote nimemwona ndani ya vitu vilivyomzidi, na macho yangu yalikuwa yamezoea. Nilichoona ni kwamba atakua tu.

Alichukua kamba nyekundu iliyoning'inia kwenye pikipiki, akaifunga kwenye mkono. Sikujua ni ya nini. Akawasha.

Alikwenda polepole mzunguko wa kwanza. Wa pili akaongeza kidogo. Kisha akapita juu ya tuta lililofichwa na theluji, na zile springi zilizokazwa kwa ajili yangu zikamrusha kutoka kwenye kiti. Alishikilia usukani asianguke. Hapo ndipo nilipoelewa jambo baya kuliko yote niliyoyaona siku hiyo: kadiri alivyoshikilia, kidole gumba kilibana mafuta. Pikipiki ikapiga kelele na kwenda mbele, mkono wake wa kushoto ukitafuta breki iliyokuwa mbali na vidole vyake, naye amelala juu ya usukani, anakwenda kwenye matete.

Nilikimbia. Theluji ilinifika magotini na nilikuwa nakimbia kama mtu anayekimbia ndotoni. Sikumwita kwa jina. Nilisikia sauti yangu ikiita "Mama, Mama," na sijui kama nilikuwa namwita mama yetu au namwita yeye. Nilikuwa tena na miaka kumi na minne, nimesimama ukingoni na watu wanashuka kutoka kwenye boti za uokoaji, na ninahesabu vichwa.

Kisha akaanguka upande, kwenye theluji. Kamba ikachomoka kwenye pikipiki, na injini ikazima palepale. Ile pikipiki kubwa ikateleza kidogo kwa uzito wake, ikasimama, skii zote mbili zikiwa ndani ya matete.

Nilipomfikia alikuwa amekaa, helmeti mkononi. Nilimpapasa miguu, mikono, shingo. Aliacha nimpapase. Alikuwa mzima.

"Yaya," akasema, na hakusema kwa Kiswidi. "Hii pikipiki ni ya kwako."

"Nilitaka kubwa, ikulinde."

"Najua. Nilijua hainitoshi nilipoikalia. Nikanyamaza, kama nilivyonyamaza kwa viatu." Akapangusa theluji usoni. "Viatu haviendi ziwani, Yaya."

Fundi alifika akihema. Akatuangalia sisi wawili, akaangalia pikipiki. "Ngoja. Nani anaendesha?"

"Mimi," mdogo wangu akasema.

"Na huyu?"

"Huyu ni dada yangu."

Alishika kiuno, akanigeukia. "Mama, miaka yote hii ya kazi sijawahi kumpimia mtu pikipiki ya mtu mwingine. Leo umenifanya fundi wa mitumba." Akamsaidia mdogo wangu kusimama. "Wewe njoo. Uwe na buti utakazoendeshea, na huo mkoba wa kazi mgongoni, ukiwa na kila kitu ndani. Na wewe, mama, kaa pale kwenye kreti."

Nikakaa kwenye kreti. Safari hii alimpandisha ile ya kijivu, akamuuliza yeye peke yake, naye akajibu yeye peke yake. Mara tatu nilifungua mdomo nikaufunga. Usukani ukashushwa na kuletwa karibu mpaka viwiko vikakunja. Springi zikalegezwa, zikajaribiwa akiwa na mkoba, kisha bila mkoba. Alisema baridi itampiga kifuani kwa kuwa kioo cha upepo ni kifupi, wakaweka kirefu zaidi. Alisema magoti yake huchoka akisimama muda mrefu, wakaongeza unene wa kiti. Hayo ya magoti sikuyajua.

Breki ilichukua muda. Fundi aliulegeza wenzo, akausogeza, akamwambia kamata, akausogeza tena. Nilikuwa natazama vidole vya mdogo wangu kwenye chuma kile. Ni vifupi, na kidole kidogo kimepinda kwa ndani. Ni mikono ya mama. Nilikuwa nimeivalisha glavu kwa miaka ishirini bila kuiona.

Alizunguka shamba mara nne. Kwenye tuta lile pikipiki ilizama na kuinuka pamoja naye. Mbali na matete aliachia mafuta, akavuta breki, akasimama. Akanitazama kwa mbali, akasubiri. Mwili wangu wote ulitaka kwenda kuikalia kwanza ile pikipiki, niione, niijaribu kwa ulimi kama uji.

"Hutaki kuijaribu?" fundi akaniuliza.

"Haitanitosha," nikasema.

Alihama Januari. Hofu haikuhama naye, imebaki Hallonbergen. Barafu ikianza kulainika majira ya kuchipua ananiambia siku atakayoacha kukatiza, na mimi nahesabu mpaka siku hiyo. Kila asubuhi, nikiwa jikoni Spånga, nakata mkate huku simu iko karibu na kisu, na saa moja na nusu unaingia ujumbe wenye neno moja: Nimevuka.

Wiki iliyopita nilisimama dukani na glavu mkononi. Nzito, za ngozi, nzuri. Niliingiza mkono wangu, zikanikaa barabara. Nikazirudisha, nikatoa simu, nikamwandikia: Mkono wako ni saizi gani?

Jibu lilichelewa, na kabla halijafika nilikuwa nimeshaliona ziwa lote limepasuka. Kisha likaja. Ndogo kuliko zote, Yaya. Zikizidi zinanasa kwenye wenzo wa mafuta.

Nilimwita muuzaji, nikamwomba zilizo ndogo kuliko zote.