Macho Nyanya

Jiwe lilimpata mama mkwe wangu juu ya nyusi, na aliyelirusha ni binti yangu wa kumzaa.

Nilikuwa narudi kutoka mwaloni, kule tunakooshea mchanga wa dhahabu, matope yamenikaukia hadi magotini. Nikawaona watoto wa jirani wamejipanga mbele ya uwanja wetu kama wanaocheza rede. Wanaimba: "Macho nyanya! Macho nyanya! Usiitike, hatujakuamkia!" Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda anachagua michembe, vile vipande vya viazi vikavu, ameinama, anajifanya hasikii. Jiwe likatua, damu ikamshuka ikaingia jichoni, na jicho likawa jekundu kweli. Watoto wote wakatimka. Wangu akabaki. Alikuwa na jiwe lingine mkononi.

"Umefanya nini?"

"Mama, usimwamkie. Akiitikia marahaba, ameshakuchukua."

Hakulisema hilo kwa sauti yake. Anasoma darasa la pili, ana sauti ya kuku mdogo. Alilisema kwa sauti nzito ya kukwaruza ya mtafsiri wa banda la video, mpaka kile kikohozi anachoweka mwishoni.

Mama mkwe akajifuta kwa pindo la kanga. "Usimpige, mayu," akaniambia. Ndivyo anavyoniita, mama, kwa Kisukuma chake, tangu nimzalie mjukuu. "Ni watoto. Limewateleza."

Sikumpiga. Nililiokota lile jiwe lenye damu, nikalifunga kwenye kitenge, nikaondoka na matope yangu kwenda bandani.

Niseme ukweli, mimi na mama mkwe hatujawahi kupendana sana. Alipokuja kwetu huku machimboni akitokea upande wa Kolandoto, baada ya kufiwa na mumewe, nilinuna. Ana maneno. Ugali wangu kila siku una kasoro. Lakini macho yake nilijua yamekuwaje. Amepika maisha yake yote ndani ya kijumba kisicho na dirisha, kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, kwa sababu kuni kwao ni za kufuata mbali. Ule moshi unapika macho ya mtu kama unavyopika chungu. Nusu ya bibi zetu wana macho hayo. Na kwetu huku, kwa wasiojua, wako bibi waliokatwa mapanga ndani ya nyumba zao kwa sababu ya macho hayo hayo. Watu wakimwona kikongwe mwenye macho mekundu husema mchawi, na baada ya hapo mtoto wa mtu akiumwa tumbo tu, kikongwe anatafutiwa siku yake. Hakuna aliyezaliwa Shinyanga anayehitaji kuelezwa hilo.

Mtafsiri wa banda ni kijana wa Kagongwa, wa huku huku kwetu. Hakuhitaji kuelezwa.

Banda liko nyuma ya soko, mabati juu, turubai pembeni, benchi za wakubwa nyuma na mikeka ya watoto mbele kabisa, chini ya skrini. Nje kuna ubao wa chaki: MCHANA KATUNI. Sisi akina mama tunaoshinda mwaloni tuliuamini huo ubao. Mtoto akitoka shule, heri akae pale kwenye kivuli kuliko kuzurura kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji ambayo mtu mzima anatumbukia, sembuse mtoto. Kumbe katuni zilikuwa za kujazia watu. Wachimbaji waliotoka shimoni wakifika, zinatolewa, inawekwa filamu ya kutisha, na watoto hawaambiwi watoke. Wanaachwa palepale mbele, pua zao kwenye damu.

Nilipoingia, mtafsiri alikuwa na kipaza sauti mdomoni. Filamu zile zinasema lugha za watu, yeye anazungumza juu yake kwa Kiswahili, anampa kila mtu kabila, kijiji na utani. Hiyo ndiyo kazi yake na anaiweza, sitamnyima. Kwenye skrini kulikuwa na kikongwe wa Kizungu amefungwa kamba kwenye kiti, macho yamemvimba, analia bila sauti. Na huyu kijana anasema: "Mnamwona? Huyu ametoka Ushirombo na ungo wake, umemwishia mafuta hapa! Macho nyanya! Ukimwamkia, akakuitikia marahaba, ujue ameshakuchukua!" Benchi zote zikaangua kicheko. Watoto mbele wakaitikia kwa pamoja, kama darasani: "Ameshakuchukua!"

Nikaung'oa waya wa spika ukutani.

"We mama, vipi?" Mwenye banda akanyanyuka. "Unajua hiyo spika bei yake?"

"Toa watoto."

"Dada, hii ni filamu. Watu wanacheza. Yule bibi wamempaka rangi, baada ya pale anaenda kula chakula chake."

"Wa kwangu hajapakwa rangi. Yuko nyumbani anavuja damu."

"Hata hujaiona yenyewe, umekuja tu na ghadhabu zako za mwaloni. Hii filamu ina mafunzo."

"Basi niwekee nione. Mwanzo mpaka mwisho. Na huyu anyamaze."

Wachimbaji wakapiga miluzi. Mmoja akapiga kelele, "Shemeji, kaa huku, tukushike mkono ukiogopa!" Nikawatoa watoto nje mmoja mmoja, nikakaa kwenye mkeka wao. Chini ya skrini yalikuwa yanapita maandishi ya Kiingereza. Nilimaliza kidato cha nne. Sikufaulu vya kujivunia, lakini kusoma najua.

Nimeona filamu mbaya, ila ile sijui niiite nini. Ni familia iko kwenye nyumba ya baridi, mbali na watu. Mtoto wao anaumwa, anatapika, anaona vitu. Bibi yake anamlea, anamwimbia. Baba anaanza kumwangalia mama yake mzazi vibaya. Kwanza wanamtenga kula. Halafu wanamfungia chumba. Halafu wanamfunga kwenye kiti, na mtoto mwenyewe anapewa maji ya moto amwagie, ili apone. Kamera haikwepi. Unamwona mtoto anavyositasita, na unamwona anavyozoea. Hapo ndipo roho iliponitoka. Si damu. Ni pale mtoto alipoacha kutetemeka.

Bibi anakufa. Na baada ya bibi kufa, mtoto anaendelea kutapika. Mwishoni baba anapanda kwenye tangi la maji la nyumba, anafungua mfuniko, na mle ndani kuna mnyama ameoza siku nyingi. Ni maji. Ilikuwa maji muda wote. Baba anakaa juu ya tangi, anafungua mdomo, filamu inaisha.

Nikamgeukia mtafsiri. "Hapa kwenye tangi huwa unasema nini?"

Akakuna shingo. "Pale watu wanakuwa wanatoka. Nasema tu fundi bomba amechelewa. Wanacheka."

"Kwa hiyo bibi hakuwa mchawi."

"Dada yangu, mimi natafsiri picha, sisomi yale maandishi, yanapita mbio. Nikaona macho mekundu, amefungwa kamba, watu wamemkasirikia. Sasa hapo we ungesema nani?"

Hilo swali lake nalikumbuka kuliko filamu nzima. Hakuwa anatania. Alikuwa ameona mwanamke mzee anateswa, na kichwani mwake jibu likaja lenyewe: basi ana kosa. Ile ya marahaba aliitunga yeye. Kwenye filamu bibi alikuwa anaimba tu.

"Utawaambia watoto ulichokosea," nikamwambia. "Utawaita hapa hapa, utawaonyesha tangi."

Mwenye banda akacheka. "Niwaite watu niwaambie mchawi si mchawi? Nani atakuja tena?"

Ndipo sauti ikatoka kwenye benchi za nyuma, ya taratibu, ya mtu mzima: "Kwani huyo mama mkwe wako, macho yake yana rangi gani?"

Waligeuka wote wakaniangalia, wanasubiri jibu, na wengine nilikuwa nimewahi kuwapa maji ya kunywa mlangoni kwangu.

Nikalishika fundo la jiwe kwenye kitenge, nikatoka.

Nyumbani mume wangu alikuwa amerudi. Nikamweleza yote: jiwe, banda, tangi, yule mtu wa nyuma. Alikuwa ananawa mikono, akainawa muda mrefu mno. Mama yake yuko ndani, pazia tu katikati, anasikia.

"Lakini na wewe," akasema, "mtoto anaweza kumwogopa mtu hivihivi tu, bila sababu?"

"Sababu nimekwambia."

"Watoto wanaona vitu, bwana."

Nilimtazama huyu mwanaume. Aliyemzaa yuko nyuma ya pazia na kitambaa kichwani. Nikamwambia, "Filamu nimeiona. Hata wewe nimekuona mle ndani."

Siku zilizofuata mama mkwe alinunua miwani nyeusi sokoni, ile ya vijana, yenye maandishi ya kung'aa pembeni. Akawa anavaa hata jikoni. Alidhani inasaidia. Mtoto alipomwona nayo alipiga yowe mpaka akajikojolea. Basi akaivua, akaanza kumpakulia chakula akiwa amempa mgongo. Anasukuma sahani kwa nyuma, kwa mkono mmoja, kama anayemlisha mbwa mkali. Bibi anayemkosoa kila mtu ugali akawa hasemi kitu. Mjukuu wake akipita, anafumba macho. Na mtoto hamwamkii tena, wala yeye haitikii salamu ya mtu yeyote, hata wageni. Mgeni anasema shikamoo, yeye anatikisa kichwa tu.

Mtaani ukazuka wimbo kwamba kwetu kuna mchawi. Kuna mtoto wa nyumba ya pili aliharisha, na mama yake akapita mlangoni kwetu bila kunitazama. Huyo tunachota naye maji kisima kimoja, mita chache kutoka wanakoosha mchanga kwa zebaki, na nilipomwambia tuangalie maji akanijibu, "Maji tumekunywa miaka yote, kilichoongezeka ni mgeni."

Asubuhi moja nikamkuta mama mkwe amefunga mzigo.

"Narudi kwangu, mayu."

"Kwako kuna nani?"

"Hakuna. Ndiyo maana hakuna wa kunirushia."

Nyumba ya peke yake, mlango wa mabati, macho yale, na watu wameshajua kwa nini aliondoka kwa mwanawe. Nilimwambia, "Mama, ukienda kule watakuua." Akasema, "Na hapa?" Mume wangu alikuwa anavaa viatu. Akaendelea kufunga kamba.

Nikamwomba mama mkwe anisubiri nirudi kutoka ofisi ya kata. Mtendaji alinisikiliza akiwa anakunywa chai. "Dada, nipeleke wilayani malalamiko ya filamu? Nichekwe? Kama ni jiwe, mrushaji ni mwanao. Unamshtaki mwanao?"

"Nipe karatasi."

"Andika kwa adabu."

Niliandika pale pale kwenye benchi. Nilikataa kuondoka mpaka agonge mhuri kwamba imepokelewa. Hii ndiyo.

KWA MTENDAJI WA KATA

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA BANDA LA VIDEO LILILO NYUMA YA SOKO

Husika na somo hapo juu.

Mimi ni mkazi wa kata hii, mama wa mtoto mmoja. Nalalamika kwamba banda tajwa linaandika KATUNI nje na kuonyesha watoto mwanamke mzee akiteswa hadi kufa ndani. Nalalamika pia kwamba mtafsiri amewaambia watoto na wachimbaji kuwa mwanamke huyo ni mchawi kwa sababu ya macho yake, wakati filamu yenyewe inasema hana kosa. Filamu inaweza kurudiwa mbele yako ukaangalie mwisho wake.

Mama mkwe wangu amepigwa jiwe. Amefunga mzigo na yuko mlangoni. Akiondoka anakwenda kuishi peke yake, na ofisi yako inajua mwisho wa jambo hilo.

Naomba yafuatayo: watoto wasiingizwe humo, mtafsiri aitwe mkutano wa hadhara, aseme kwa kipaza sauti kilekile na sauti ileile kwamba alidanganya, na wewe mwenyewe, Mtendaji, uje nyumbani kwangu leo, umwamkie mama huyu mbele ya watu, na usubiri mpaka aitike.

Umesema aliyerusha ni mwanangu. Ni kweli. Sikatai.

Kiambatanisho: jiwe.