Wimbo Unaoita Mara Moja

Bupe wa Uyole, Mungu amrehemu, alijulikana kwa wimbo mmoja tu, "Nioe Jumamosi." Ukipigwa harusini, hata mashangazi wenye magoti mabovu husimama. Mwanahawa, fundi cherehani wa Ipogolo, hakuupenda hata chembe. "Huo wa kuuzia soda," alikuwa akisema, na mteja aliyembishia alijitafutia gauni lenye mkono mmoja mrefu.

Nyimbo alizozipenda ni zile ambazo redio hazikuzigusa. "Chai Imepoa," ambamo Bupe anakohoa katikati ya ubeti na hakuna aliyejisumbua kurekodi upya. Na kuliko zote, "Ukungu wa Igowole." Humo gitaa linatembea polepole, Bupe anaisimulia njia ya Mufindi asubuhi ya baridi, mara ala zote zinanyamaza naye anaita, "Dada!" Anaita mara moja. Kimya. Kisha gitaa linarudi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Watu walisema mitambo ilikosea. "Nyie hamna masikio," Mwanahawa aliwajibu. Bibi yake alimfundisha tangu mdogo kwamba mtu aliye hai huita mara mbili, hata tatu. Anayeita mara moja usimwitike, maana hujui ni nani. Bupe alilijua hilo, ndiyo maana aliita na kunyamaza. Kimya kile kilimsisimua Mwanahawa mwili miaka nenda miaka rudi, na hakuchoka kukisifia kwa kila aliyekuja kupimwa nguo.

Asiyejali alikuwa Nasrin, binti yake wa pekee. Kimya kikifika tu, alipaza sauti kutoka jikoni, "Abee!"

"Acha mzaha huo, Nasrin!" mama alimfokea, naye akazidi kucheka.

Nasrin alifariki mvua zilipoanza, kwa homa ya siku chache. Tangu hapo "Ukungu" haukupigwa tena. Mwanahawa aliogopa mambo mawili: kwamba kimya kile kitapita bila wa kukijibu, na kwamba hakitapita. Lakini sauti ya mwanawe ilikuwa inamtoka kichwani kidogo kidogo, kama khanga inavyochuja, na hilo lilimuuma kuliko mazishi yenyewe. Alitamani kuisikia tena, hata kwa neno moja.

Arobaini ilikuwa imeshapita. Mchana mmoja ukungu ulishuka mlimani hadi barabara kuu ikawa haionekani, malori yakawa yanasikika tu. Mwanahawa alifunga mlango wa jikoni kwa komeo, akarudi kwenye cherehani lake, akauweka wimbo. Gitaa likatembea. Ala zikanyamaza.

"Dada!"

"Abee!" ikajibu jikoni.

Safari hii hakukuwa na kicheko. Mguu wa Mwanahawa ulikufa ganzi juu ya pedali. Wimbo ukaendelea mpaka ukaisha, na ulipoisha, sauti ileile ikaita, "Mama!"

Hakujibu. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Ita tena, aliomba moyoni. Mwanangu, ita tena nipate ruhusa. Bomba la uani lilidondosha maji. Hakusikia kingine.

Pazia la mlango wa mbele likafunuliwa. Alikuwa Juliana, muuza mboga wa jirani, nywele zimelowa ukungu.

"Kamwene, Mama Nasrin."

"Kamwene."

"Mbona huitiki? Unaitwa huko nyuma."

Mwanahawa alimgeukia. "Umesikia na wewe?"

"Si nimesikia tangu pale nje! Sauti ya msichana. Una mgeni?"

"Ameita mara ngapi?"

"Mara moja." Juliana akageukia mlango wa jikoni, akaliona komeo limefungwa kwa upande huu, uso ukambadilika. Akamshika mwenzake mkono. "Usiitike, Mama Nasrin. Nakuomba sana, usiitike."

Mwanahawa aliutoa mkono ule taratibu. Aliogopa, tena sana. Onyo la bibi yake alilikumbuka lote, neno kwa neno. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wateja wa Ipogolo nzima. Alikwenda hadi mlangoni, akalitoa komeo.

"Bee, mwanangu," akaitika.