Mpira Uko Wapi Sasa?

Siku ya kwanza kazini niliwekwa mbele ya simu nikaambiwa nisibanduke. Mkuu wa Idara ya Michezo, mwanamume mrefu aliyetembea kana kwamba sakafu ya redio ni mali yake, alinionyesha kiti, penseli na simu nyeusi, kisha akasema, "Ndugu Mwanaidi, mikoa itapiga. Wewe andika. Usibishane na mkoa." Kwenye usaili niliambiwa nitakuwa mwandishi wa habari za michezo, na nilikuwa nimeshona gauni jipya kwa ajili hiyo. Jioni ile simu za mbali zilikuja moja baada ya nyingine kupitia kwa opereta, mtu wa Mwanza au wa Mtwara akipaza sauti kunitajia matokeo kama anayeita ng'ambo ya mto. Niliyaandika yote. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika idara, na kila aliyechungulia mlangoni aliniuliza kama chai iko tayari.

Nilikaa na simu ile muda mrefu kuliko nilivyopenda, ndipo nikahamishiwa uwanjani. Hapa niwaeleze vijana, maana siku hizi wengine mnatangaza mpira mmekaa studio mnatazama televisheni, halafu mnalalamika mmechoka. Zama zetu watangazaji wawili walipanda kibanda cha mbao juu ya jukwaa la uwanja wa Ilala, wakapokezana maikrofoni moja. Sauti yao ilisafiri kwa laini ya simu hadi studio, na fundi mitambo, Mzee Salehe, alikaa nyuma yao na sanduku lake la swichi akihakikisha laini haikatiki. Pembeni alikaa mtu wa vikaratasi, na huyo ndiye mimi. Mtangazaji haondoi macho kwenye mpira. Mtu wa vikaratasi ndiye anayejua namba saba wa wageni anaitwa nani, nani ameingia na nani ametoka, anaandika upesi na kumsukumia mtangazaji chini ya pua. Ukichelewa, taifa zima linasikia "yule kijana pale".

Mkuu alikuwa na kanuni moja aliyoirudia katika kila kikao. "Msikilizaji amefumbwa macho," alisema. "Mwambieni mpira uko wapi, nani anao, unakwenda wapi. Yaliyobaki ni mapambo." Nilipoisikia mara ya kwanza nilitabasamu, kwa sababu mama yangu alikwisha kunifundisha kanuni hiyo nikiwa mtoto.

Mama alikaanga vitumbua kwenye baraza la nyumba tuliyopanga, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Aliupenda mpira kupita kiasi, na hakuwahi kukanyaga uwanjani hata mara moja. Siku ya mechi ndiyo siku ya wateja, na isitoshe mwanamke wa rika lake kwenda kubanana jukwaani na wanaume lingekuwa jambo la kusemwa mtaa mzima. Kwa hiyo alinituma mimi. Nilitazama kupitia tundu la ukutani, au mlinzi wa geti akiwa na moyo mzuri nikaingia, kisha nikarudi mbio kumsimulia. Tabu ni kwamba ukimwambia "pembeni kulia" anakuuliza kulia kwa nani. Siku moja nikachoka, nikamwambia: mama, chukulia uwanja ni Kariakoo hii hii. Goli moja liko sokoni, goli la pili liko Mnazi Mmoja. Ubavu huu ni Mtaa wa Uhuru, ubavu ule ni Barabara ya Morogoro, na katikati ni Mtaa wa Kongo. Mama akaacha kugeuza vitumbua. "Ehee," akasema, "sasa mpira uko wapi?" Tangu siku hiyo aliuliza hivyo hivyo, kana kwamba mechi bado inaendelea, ilhali ilikwisha kabla sijafika nyumbani.

Sasa mnaelewa nilichokuwa nakitaka katika kazi ile. Nilitaka kutangaza mpira wa miguu moja kwa moja kutoka uwanjani, na mama awe anasikiliza. Nilikwisha kumwomba Mkuu, akanijibu kwa upole kabisa, "Ndugu Mwanaidi, sauti yako ni nzuri kwenye vipindi vya salamu. Mpira unataka koo la mwanamume."

Siku yenyewe ilikuwa mechi ya ligi, timu ya mtaani kwetu na wageni kutoka Tanga. Mtangazaji wa pili alikuwa amesafiri. Mtangazaji Mkuu alibaki peke yake, tena na mafua, akatangaza kipindi cha kwanza chote bila mtu wa kumpokea. Wakati wa mapumziko alifungua mdomo kuniomba maji, ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena, ikawa vile vile. Mzee Salehe akawaita studio kwenye laini. Wakajibu kwamba Mkuu wa Idara ametoka na hakuna mtu wa kuletwa kwa wakati. Mzee Salehe akanitazama.

"Binti, unawajua wachezaji?"

"Wote, mzee."

"Basi kaa hapo. Redio haiwezi kunyamaza."

Mtangazaji Mkuu hakupinga. Alihamia kwenye kiti changu, akachukua penseli yangu, akawa yeye mtu wa vikaratasi. Kwa hilo namwombea heri mpaka leo.

Kipyenga kikalia, na mimi nikanyamaza. Hakuna kosa kubwa redioni kuliko ukimya, na mimi nilikuwa nao kifuani kama jiwe. Niliwaona wachezaji, majina yao niliyajua, lakini maneno ya Mtangazaji Mkuu niliyoyasikiliza msimu baada ya msimu hayakuja hata moja. Mzee Salehe akanigonga begani. Hapo nikamkumbuka mama. Nilijua yuko barazani, karai liko motoni, na redio ya Mzee Awadhi mwenye duka la jirani imegeuzwa upande wake. Nilijua kabisa anauliza nini. Nikamjibu.

"Mpira uko Mtaa wa Kongo," nikasema. "Anao Abdu. Anakata kushoto, anashuka na Mtaa wa Uhuru, hakuna anayemzuia, anaelekea sokoni!"

Sikujua nimesema nini. Nilijua tu kwamba maneno yametoka na mengine yako nyuma yake yanasukumana. Mtangazaji Mkuu aliacha kuandika. Mzee Salehe aliinamisha kichwa, mabega yanamtikisika kwa kicheko, lakini hakuikata laini. Nikaenda hivyo hivyo kipindi kizima. Beki wetu alikaba pale Mnazi Mmoja, winga wetu akapotelea Barabara ya Morogoro, na Abdu alipopiga shuti lile la mwisho nikajisikia nikipiga kelele, "Umeingia sokoni! Umeingia sokoni, kipa anabaki anaulizia bei!"

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilipoukaribia mtaa wetu nikakuta Mzee Awadhi amepandisha redio juu ya gunia la mchele na watu wamejaa mpaka barabarani. Waliponiona wakaanza, "Kipa anaulizia bei! Kipa anaulizia bei!" Mama hakupiga kelele. Alikuwa ameketi nyuma ya karai, na vitumbua vyote ndani yake vimeungua, vyeusi ti. Sijawahi kumwona akiunguza hata kimoja. Nikamwamkia, akasahau kuitikia.

"Leo nimeuona," akasema.

"Umeona nini, mama?"

"Mpira. Miaka yote nausikia tu. Leo nimeuona."

Nimesifiwa mara kadhaa katika kazi yangu, na watu wakubwa pia, lakini sijaambiwa neno lingine likanikaa moyoni kama lile.

Jumatatu Mkuu aliniita. Alikuwa amesimama dirishani, na hakunikaribisha kiti.

"Ulikuwa unatangaza mpira," aliuliza, "au unamwelekeza mgeni njia?"

Nikafungua mdomo nieleze, akaniwahi.

"Redio hii ni ya taifa, Ndugu Mwanaidi. Mkulima wa Sumbawanga anaujuaje Mtaa wa Kongo? Sisi tunajenga nchi moja, wewe unamtangazia shangazi yako."

"Mama yangu," nikasema. Heri ningenyamaza.

Mkuu alikuwa na hoja, siwezi kumnyima. Mtu wa Sumbawanga hakuona kitu siku ile, naye alikuwa na haki ya kuona kama mama yangu. Nilimwambia nitajifunza, nitatangaza kama wenzangu wanavyotangaza. Akasema, "Bado." Lakini yule mtangazaji wa pili aliwahi kumpa goli mchezaji aliyekuwa amekaa benchi tangu mwanzo, na wiki iliyofuata akapanda kibandani kama kawaida. Hakuna aliyesema wanaume hawafai. Kosa lake lilikuwa lake mwenyewe, na langu likawa la wanawake wote wa nchi hii. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na sioni sababu ya kulificha.

Niliomba nisikilize kanda ya mechi ile. Kanda zilikuwa adimu kama sabuni miaka hiyo, kwa hiyo tulirekodi juu ya zilizokwisha kutumika, ndivyo kazi ilivyofanyika na hakuna aliyeona ajabu. Nilipopata ruhusa ya kuingia maktaba ya kanda, juu ya sauti yangu palikuwa na bwana shamba anafundisha kupanda mahindi kwa mistari. Nilivaa visikilizio nikamsikiliza mpaka mwisho, nikitumaini kwamba mahali fulani chini yake nitasikia kelele za Ilala. Bwana shamba alikuwa na sauti nzuri sana.

Nikapelekwa netiboli. Msifikiri nilitupwa, maana niliupenda mchezo ule na wachezaji wake. Mashirika ya umma yalikuwa na timu zao, wapiga chapa, wauguzi na wasichana wa viwandani, wakitoka kazini jioni wanavaa sketi fupi na kucheza kama wanaodaiana. Niliwafuata na mashine ya kurekodi iliyonining'inia begani mpaka bega likainama upande mmoja, na fundi wangu wa nguo analijua hadi leo. Wakati wa mapumziko wengine walinyonyesha. Niliwauliza mambo ambayo mwandishi mwanamume asingeuliza: nani amebaki na mtoto, mumeo anasemaje ukichelewa, viatu hivi umeazima kwa nani. Nilitangaza netiboli kwa kanuni zote, na mkulima wa Sumbawanga alinielewa vizuri.

Ila kila ligi ya mpira wa miguu ilipokaribia kuanza, nilikwenda kuomba. Mkuu yule alisema "Bado" hadi alipohamishwa wizarani. Aliyemfuata alisema "Tutaona." Wa tatu nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kazi ya vikaratasi. Yeye alisimama nilipoingia ofisini kwake, akaniamkia, "Shikamoo, shangazi," akaniagizia soda. Akasema angependa sana, lakini sasa wanatafuta sauti za vijana. Nikainywa soda yake nikamshukuru. Nilipostaafu, siku ya kuniaga, walinizawadia redio.

Wakati huo macho ya mama yalikuwa yamekwisha kuzima, na tulikuwa bado kwenye vyumba vyetu vya Mchikichi. Nilinunua televisheni, watu wakanicheka kwamba nimemnunulia nani. Jumapili ya kwanza mama alimsikiliza mtangazaji kwa muda mfupi tu, kisha akaukunja uso.

"Zima huyo," akasema. "Nitangazie wewe."

Nikapunguza sauti mpaka mwisho. Basi nikatangaza mpira wa miguu tena, Jumapili kwa Jumapili, kwa msikilizaji mmoja, Kongo, Uhuru, Mnazi Mmoja na sokoni. Alikuwa akiniharakisha kila nilipovuta pumzi. Nilipokosea jina alinirekebisha, maana orodha ya wachezaji aliijua kuliko mimi. Tulikwenda hivyo hadi alipofariki, masika moja, kabla ligi haijaisha.

Siku hizi yuko binti anatangaza mpira wa miguu redioni, nami namsikiliza kwa ile redio niliyozawadiwa. Koo lake ni safi, hakosei jina, na hakuna anayemwuliza chai iko wapi. Nafurahi hadi machozi yananitoka, na namwonea wivu, yote mawili kwa pamoja. Nikikutana naye nitamwambia jambo moja tu: asiwaige hawa wanaopayuka kuanzia kipyenga cha kwanza hadi cha mwisho bila kutuambia mpira uko wapi. Barazani kuna mtu anauliza.

Televisheni bado ninayo, na kiti cha mama sijakiondoa. Jumapili mechi ikianza, mkono wangu wenyewe unapunguza sauti. Wachezaji nawaona vizuri, miwani yangu ni mizuri. Mpira unavuka Mtaa wa Kongo, unashuka na Uhuru, na maneno yote ninayo mdomoni. Nakaa nayo hivyo hivyo, nasubiri niulizwe.