Mawe ya Boma, Juu ya Kinole

Niliondoka Mlali kwa sababu ya habari niliyoisikia sokoni: juu ya Kinole, milima ya Uluguru, kuna mama anavunja boma la wazee apate mawe ya msingi. Shule niliiacha darasa la pili, lakini kila nyumba niliyohamia nimeijenga mwenyewe. Na babu yangu, mpagazi wa Kinyamwezi, alilala ndani ya boma lile zamani za misafara. Haliwezi kuvunjwa hivi hivi, mimi nipo.

Asubuhi nilipanda bodaboda mjini Morogoro. Tulipopita mananasi na mikarafuu, pikipiki ikachoka kabla yangu. Nikamalizia kwa miguu.

Adhuhuri nikafika. Boma limemezwa na migomba. Ukuta unanifika kifuani, mawe yameshikana bila saruji, ila kona moja imeshang'olewa. Kivulini alikaa mzee mmoja, Kobelo; nikamdhania ndiye mwenye shamba, nikamwomba ukuta usiguswe.

"Hamna shida, kaka," akasema. Nikajiona balozi.

Mkewe, Bi Mwajuma, akatokea na jembe begani. "Nani kakuruhusu?"

"Mumeo, mwenye shamba."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Huyu kaoa hapa! Ardhi ya ukoo wa mama yangu. Nikimchoka kesho, anaondoka na kofia yake tu."

Kobelo akaiweka kofia vizuri.

Miaka yote naishi na Waluguru, nimeenda kuomba kwa mwanamume! Ikabidi nikimbilie utani. Nikapanda ukutani, nikakaa. "Mimi Mnyamwezi, mtani wako. Sishuki mpaka uniachie boma la babu."

"Kaa! Tutakuezeka bati humo humo."

"Ezekeni. Chakula mniletee huku."

Mtani hafukuzwi kwa nguvu, analijua hilo. Alasiri akaja na sahani ya ndizi. "Shuka ule. Na msingi wangu je?"

"Korongoni mawe yamejaa."

"Yabebe basi, wewe mwenye huruma."

Nikayabeba, jioni ile na kesho yake, Kobelo nyuma yangu akinung'unika kwa Kiluguru, mpaka msingi ukatosha.

Nikashuka mlima mgongo umepinda, nikiwa nimejifunza jambo ambalo mke wangu, Mluguru, angenieleza bure: huku, kabla hujaokoa kitu, muulize mama mwenye ardhi. Sijafika mbali nikasikia sauti yake kule juu:

"Kobelo! Hilo jiwe la mtani wangu unalipeleka wapi? Rudisha ukutani!"