Somo Nisilolitaka

Nilikwenda chuo kikuu kusoma udongo. Kwetu Ngungu mvua ilikuwa ikiyateremsha mashamba ya milimani hadi bondeni, na baba alinituma nikajifunze namna ya kuyazuia. Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea kwisha, chuo chenyewe kilikuwa kipya, na sisi Waafrika tuliokuwamo tulikuwa wachache. Siku ya kwanza nikaambiwa kwamba kabla sijagusa udongo nitasoma mwaka mzima falsafa, historia na somo lililoitwa Mtu na Desturi Zake. Ni lazima kwa wote. Ukianguka, mwaka wa pili huuoni.

Nilikasirika, na hasira ile sijaimaliza mpaka leo. Nilisinzia darasani, nikajibu maswali kwa mkato kama mtu anayefukuza nzi, na somo la desturi likaniangusha. Profesa, Mbelgiji mmoja mpole aliyependa kunishika bega, akanipa nafasi moja tu: wakati wa likizo niandike juu ya jando la watu wa mama yangu. Ikimridhisha, nitapita.

Watu wa mama ni wa msituni, Ntoto, upande wa Walikale. Yanayosemwa kule kambini mwa jando hayatoki nje. Mimi sikuingia kambi hiyo. Baba ni Mkristo, alinipeleka kwa daktari wa misheni, yakaisha. Kwa hiyo sikuwa na haki ya kujua hata neno moja. Ila nilikuwa na mjomba, kaka yake mama, mmoja wa wakubwa wa jando. Na kwao mpwa huchukua chochote nyumbani kwa mjomba wake bila kuomba: kuku, mkuki, hata nyama iliyo jikoni. Si wizi. Ndivyo mambo yalivyo.

Nilimweleza kwamba nisipoandika nitafukuzwa. Akaanza kuokota majani makavu kwenye suruali yake, moja moja.

"Mwipwa haombake," akasema mwishoni. "Lakini iyo karatasi itasomwa na nani?"

"Na muzungu moja tu, mujomba. Itabakia kwake."

Akanieleza kwa siku tatu, tukiwa shambani kwake, mbali na watu. Niliyoyasikia sitayaandika tena hapa. Niliandika mara moja, na mara hiyo ilizidi.

Profesa alifurahi kupita kiasi. Kabla ya kuniwekea alama alitaka kuyathibitisha kwa wazee wenyewe, halafu ayachapishe katika kitabu kidogo chenye jina langu na la mjomba wangu, kipelekwe misheni zote. Tukaja naye. Gari liliishia Kashebere, tukatembea hadi Ntoto. Nilijua adhabu ya mkubwa anayetoa siri: hutengwa na wenzake, na akifa hawamziki.

Wazee walikusanyika, mjomba akiwa katikati yao. Profesa akasoma ukurasa wa kwanza kwa Kifaransa, akanigeukia nitafsiri. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Niliwaambia wazee kwamba mgeni anauliza wanavyopanda ndizi katika shamba jipya la msituni.

Wakachangamka. Mmoja akaeleza, wa pili akamsahihisha, wa tatu akasema wote wawili hawajui kitu. Nikamgeukia profesa nikamwambia wamekubali, wanaongeza tu maelezo madogo. Akasoma ukurasa wa pili. Nikauliza juu ya nguruwe wa porini wanaoharibu mihogo. Ilikwenda hivyo asubuhi nzima, yeye akitia alama ya ndiyo pembeni ya kila ukurasa. Niliona aibu, na papo hapo nilijiona mjanja kweli.

Mjomba alimtazama profesa mdomoni kila aliposoma. Nilijua aliwahi kuwa mpishi wa mzungu mgodini, lakini nilidhani Kifaransa chake kiliishia kwenye supu na mayai. Tulipokuwa tunaaga, akanivuta nyuma ya nyumba.

"Nilisikia yote," akasema. "Karatasi iko wapi?"

"Ndani ya mukoba wake."

"Nani anabeba mukoba?"

"Ni mimi."

"Basi. Kwangu ulikamata bila kuomba, na sikukatala. Kwake pia ukamate. Kutoka hapa mupaka Kashebere pori ni mingi, mito ni mingi. Itupe. Wakiisoma hapa, miye niko muntu ya kufa peke yangu."

Nikamwitikia, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili.

Profesa alitangulia, akipiga mluzi, akisimama kila mara kutazama vipepeo. Mimi nilikuwa nyuma na mkoba. Tulivuka mito mitatu. Kwenye wa kwanza nilijiambia kwamba maji ni machache, karatasi itakwama kwenye mawe. Kwenye wa pili profesa alikuwa karibu mno. Kwenye wa tatu alikuwa mbali, maji yalikuwa mengi na meusi, nikafungua kifungo cha mkoba nikaona maandishi yangu mwenyewe. Nikawaza mashamba ya baba. Nikawaza pia, na afadhali niseme kweli, suti niliyoahidiwa na baba nikipita. Alama zilikuwa hazijatiwa sahihi. Nikafunga kifungo.

Kashebere nikampa mkoba wake. Akanishika bega, akatia sahihi juu ya boneti ya gari.

Mwaka uliofuata niliachana na falsafa na desturi, nikasoma udongo kama nilivyotaka. Kitabu kilichapwa. Katekista wa Ntoto alijua kusoma Kifaransa, akawasomea wazee. Mjomba alipofariki, mama alitembea kutoka Ngungu akamzika akisaidiwa na katekista huyo, watu wawili na jembe moja. Wenzake wote walikuwa majumbani mwao, milango imefungwa mchana kweupe.